Mjadala: askari wetu wa akiba wavae bamba la kauri au la chuma?

Assalaam aleikum jamaa. Jana baada ya isha pale uwanja wa Mkunguni, Lamu, maneno yalipamba moto, tuyamalizie hapa. Askari wa akiba wa huku kwetu Lamu, wa vijiji vya Hindi, Witu na Kiunga, wakinunuliwa fulana za kuzuia risasi, ziwe na bamba la chuma au la kauri? Wengi walishikilia kauri kwa hoja moja tu: ni ngumu kuliko chuma, tena nyepesi. Mimi mwalimu wa fizikia, si askari, lakini hoja hiyo imekaa upogo.

Wepesi ni kweli. Sentimita moja ya ujazo ya kauri ya alumina ina gramu 3.9, ya kauri ya kabaidi ya boroni 2.5, ya chuma karibu 7.9. Ugumu pia ni kweli: risasi ya AK hutoka mtutuni kwa mita 700 na ushei kwa sekunde, na ikigonga kauri ncha hupondeka. Ila kauri hustahimili kubanwa, haistahimili kuvutwa. Wimbi la mshindo hupita ndani ya bamba; likifika nyuma likakosa wa kulipokea, hurudi likivuta, bamba likapasuka kuanzia mgongoni. Ndiyo maana kauri hugandishwa juu ya nyuzi ngumu kama Kevlar. Hata kauri ikishapondeka, maadamu imebanwa pande zote, hukataa kupitwa, kama gunia la mchanga lililoshonwa. Fumua gunia uone.

Kisha kuna nguvu ya kukata kimkasi, tabaka kuteleza juu ya jingine kama karata zikisukumwa kwa kiganja. Hapa ndipo kabaidi ya boroni, ngumu na nyepesi kuliko zote hizi, hutuangusha. Mshindo ukivuka gigapaskali 20 hivi, yaani kama tani 200 juu ya sentimita moja ya mraba, huishiwa nguvu ghafla. Mwaka 2003 Mingwei Chen, James McCauley na Kevin Hemker walichungulia kwa hadubini ya elektroni vipande vilivyopigwa risasi, wakakuta vistari vya nanomita chache ambamo mpangilio wa atomu umevurugika ukawa kama wa kioo. Kabaidi ya silikoni, kauri nyingine iliyo nzito kidogo, haianguki hivyo.

Karibuni.

Wa Hindi: Mwalimu, mie nimevaa la chuma. Juani ni kikaango, na risasi ikipasukia pale vipande huruka kidevuni. Lakini nimeanguka nalo kwenye pikipiki mara tatu, na bado zima. La kauri je?

Mwenye mada: Laweza kupata ufa usiouona. Mama zetu wakinunua mtungi huugonga kwa kidole: mzima hulia, wenye ufa hutoa sauti ya kibuyu. Bamba lililofungwa nyuzi na kitambaa si la kusikilizwa hivyo, lataka eksirei. Sijasikia mtu akiitaja eksirei kwenye bajeti.

Wa Kiunga: Nyote mwasema risasi. Barabara yetu hutegwa mabomu. Bamba la kifuani litamlinda nani miguu? Pesa ziende kwenye magari.

Mwenye mada: Hapo umenibana, dada. Kwa wanaopita kwa gari, nakubali. Ila wa akiba wengi hutembea kwa miguu au boda. Kwao nasema kabaidi ya silikoni, au alumina pesa zikipungua, na mkataba useme wazi: bamba lililopigwa au kuangushwa linakaguliwa, lenye ufa linabadilishwa. Pesa ya kubadilisha isipokuwepo, bora chuma chenye kifuniko cha kunasa vipande.

Wa Hindi: Na likilowa maji ya chumvi mashuani?

Mwenye mada: Alumina haishiki kutu, bwana. Gundi na nyuzi za nyuma ndizo za kuangalia. Msiyaanike juani juu ya mabati.