Amplifaya ndogo ya bei nafuu kwa spika za omu 6: ninunue ipi hapa Nairobi?

mwalimu_roysambu

Habari zenu wadau. Nina spika mbili za mbao, zile ndogo za kuwekwa rafuni, nilizoachiwa na kaka yangu alipohamia Mombasa. Mashine alienda nayo, mbao akaniachia. Kibandiko cha nyuma kinasema 6 Ω (yaani omu 6, ukinzani wa spika), 86 dB, na kwamba zitumiwe na amplifaya ya wati 20 hadi 100. Kwa sasa kazi yao ni kubeba madaftari ya kusahihisha.

Ninakaa orofa ya tatu, sebule na chumba kimoja. Sebule yenyewe ni ndogo, kutoka kochini hadi kwenye TV hata mita tatu hazifiki, na nyuma ya ukuta kuna mama mwenye mtoto mchanga. Kwa hivyo sitafuti kelele. Ninachotaka ni kusikia rumba ikiwa imetulia: magitaa ya Franco na TPOK Jazz yakijibizana, kila moja mahali pake, na besi isiyovuma kama inatoka ndani ya pipa. Muziki ninao kwenye simu. Jioni nataka pia sauti ya TV ipitie humo humo.

Bajeti ni elfu kumi na mbili, waya zikiwa ndani ya hesabu. Jumamosi nilipita Luthuli Avenue nikatoka na kizunguzungu. Duka la kwanza kijana alinitolea sanduku jeusi lenye taa za buluu zinazocheza na matundu mawili ya maikrofoni, limeandikwa wati 2000. "Hii, madam, hata kanisa linajaa." Duka la pili nikaonyeshwa kikasanduku cha chuma kinachoenea kiganjani, kina Bluetooth, kinatumia adapta ya volti 24, na ndani eti kuna chipu ya TPA3116. Hicho ni wati 100. Bei zao zimepishana kwa mia chache tu! Wati 2000 na wati 100 zinauzwaje bei moja?

Mwalimu mwenzangu naye ananiambia niachane na hayo yote nitafute risiva ya Kijapani ya mtumba, yaani amplifaya yenye redio ndani, "zile nzito". Na mtandaoni kila mtu anasifu amplifaya ndogo za Fosi V3 na Aiyima A07. Nisaidieni kabla pesa haijaingia kwenye karo.

fundi_ghorofani

Mwalimu, karibu. Mimi hutengeneza hizi mashine, kwa hivyo nitaanza na lile sanduku la kanisa.

Ukirudi pale dukani usimuulize kijana chochote. Ligeuze tu. Pale waya wa stima unapoingilia pana maandishi madogo: AC 220-240V, 50Hz, halafu wati. Hayo ndiyo usome. Lililo mezani kwangu hivi ninavyoandika, usoni limeandikwa 1200W na mgongoni 45W. Nimelifungua: kuna transfoma moja ndogo, kapasita mbili, bamba la chuma jembamba la kupoza joto, na sehemu kubwa ya sanduku ni hewa. Mashine inayovuta wati 45 ukutani haiwezi kutoa 1200 kwenye spika. Haiwezi hata kutoa hizo 45, maana baadhi yake zinapotea kama joto, na nyingine ndizo zinazochezesha zile taa za buluu. Ile namba ya usoni ni ya rangi tu.

Kikasanduku nacho kinatia chumvi, ila kwa adabu. TPA3116 ni chipu ya Texas Instruments, na karatasi ya kiwanda yenyewe inasema wati 50 kwa kila upande, kwenye spika za omu 4, ikipewa volti 21. Lakini kipimo hicho ni cha sauti iliyokwisha haribika kwa asilimia 10. Rumba ikiharibika kwa asilimia 10 utaisikia, hata kama hujui jina la ugonjwa.

Sasa wewe ni mwalimu, hesabu hii haitakushinda. Chukua volti za adapta uzizidishe kwa zenyewe, kisha ugawanye kwa omu za spika mara mbili. 24 mara 24 ni 576. Omu 6 mara mbili ni 12. Jibu ni 48. Hiyo ndiyo dari yako, wati 48 kila upande, na sauti safi inaishi chini ya hapo kidogo. Akikupa adapta ya volti 19 kama chaja za laptopu, dari inashuka hadi 30. Chipu ni ile ile, sanduku ni lile lile, na maandishi ya usoni hayabadiliki hata nukta.

Kwa hivyo kitu cha kukaguliwa ni adapta. Soma palipoandikwa Output. 24V 4.5A ni wati 108, hiyo inatosha pande zote mbili. Kuna wauzaji huitoa ile ya kiwandani wakakuwekea nyingine ya ampea 2, na hiyo jumla yake ni wati 48 tu, ugawie spika mbili. Ukiongeza sauti, kila ngoma ikipigwa utasikia muziki unajikwaa.

Zitatosha? Hiyo 86 dB ya kibandiko maana yake ni kwamba ukiipa spika wati 1, mtu aliyesimama mita 1 mbele yake anapata desibeli 86. Hiyo tayari ni sauti ya kumfanya mgeni apaaze yake. Kila ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu. Ukizidisha mara kumi unaongeza 10, na hapo ndipo sikio linapokubali kwamba sauti imekuwa maradufu. Katika sebule yako, na huyo mtoto nyuma ya ukuta, jioni nyingi utakuwa unatumia wati moja au mbili. Zilizobaki ni akiba ya pale trampeti zinapoingia kwa ghafla.

Fosi V3 na Aiyima A07 ni mashine nzuri, sitazisema vibaya. Zina TPA3255, chipu yenye nguvu zaidi, na V3 huuzwa na adapta ya volti 32 au 48. Ila zote mbili hazina Bluetooth, na ukiziagiza nje uulize kwanza bei ya mwisho, pamoja na ushuru na VAT ya asilimia 16, maana hapo ndipo elfu kumi na mbili huanza kukohoa. Kwa spika za omu 6 na sebule ya mita tatu, chukua TPA3116 yenye adapta ya haki. Kama unataka jina, Fosi BT20A ina chipu hiyo hiyo.

mzee_wa_mitumba

Fundi umeongea, lakini umemruka mwalimu mwenzake kana kwamba hakusema kitu. Mimi nina risiva ya Kijapani tangu watoto wangu wako shule ya msingi. Kilo kumi na kitu. Ina sehemu ya kuchomeka kinanda cha santuri moja kwa moja, ina nobu za besi na trebo zinazofanya kazi, ina redio. Hivyo visanduku vyenu vya kiganja, mtoto akivuta waya, kinaanguka na adapta yake.

Na kuhusu wati nakuunga mkono. Vijana hawajui kwamba amplifaya ya NAD 3020, iliyotoka 1978 na kupendwa dunia nzima, ilikuwa ya wati 20 tu kila upande. Hakuna aliyelalamika.

fundi_ghorofani

Mzee wangu, shikamoo. Risiva yako siigusi, ni kitu cha maana. Lakini mwalimu akienda kuitafuta peke yake kuna shimo la kukwepa. Zilizotengenezewa soko la Japani ni za volti 100, na za Marekani ni 120. Hapa ukutani tuna 240. Ukichomeka bila kusoma mgongo, utasikia "puf", halafu harufu, na kwangu italetwa ndani ya gunia. Inayotaka volti 100 inahitaji transfoma ya kushushia stima, na hiyo ni pesa nyingine na kilo nyingine.

Na hata ile ya 240, kabla ya kulipa izungushe nobu ya sauti polepole kutoka sifuri hadi juu. Ikikwaruza kidogo, hilo ni vumbi, dawa ya kupuliza inatosha. Lakini upande mmoja ukizimika na kurudi, au ukisikia mvumo hata sauti ikiwa sifuri, wacha. Kapasita zimezeeka, na kuzibadilisha zote kutamaliza bajeti ya mwalimu.

besi_ya_southb

Mwalimu, hakuna aliyegusa TV. Usitumie Bluetooth kwa TV. Sauti hubaki nyuma, mtangazaji anafunga mdomo na neno bado linakuja. Kwa muziki wa simu haina shida kwa sababu hakuna midomo ya kutazama.

Angalia nyuma ya TV. Ikiwa na tundu la hedifoni, nunua waya wenye jeki moja ndogo upande huu na pini mbili, nyekundu na nyeupe, upande ule. Umemaliza. Ikiwa haina, tafuta lile tundu dogo la mraba lenye kifuniko, ukikisukuma ndani unaona taa nyekundu. Hilo linahitaji kigeuzi kidogo, wauzaji wanakiita DAC, ndipo uchomeke pini zako. Halafu uingie kwenye mipangilio ya sauti ya TV uchague PCM, yaani sauti ya dijitali isiyobanwa. Usipochagua hivyo, filamu nyingine zitakaa kimya kabisa nawe utadhani umeuziwa kitu kibovu.

mwalimu_roysambu

Asanteni sana, sikutarajia darasa. Leo baada ya shule nimerudi Luthuli na nikaligeuza lile sanduku. Mgongoni: 60W. Kijana alipoona nimesoma, akaniambia hiyo ni ya "stima ya kuanzia". Nilicheka nikaondoka.

Kikasanduku nimekiona tena. Adapta ilikuwa ya 24V 3A. Nikamwambia nataka ya 4.5A, akaingia nyuma ya pazia akatoka nayo bila ubishi, kumbe zipo! Bado sijalipa, nimemwachia elfu moja aniwekee. TV yangu ina tundu la hedifoni, nimeshukuru.

Swali la mwisho. Jirani yangu wa chini hufunga redio za magari. Ananiambia waya mbili nyeusi za spika anaweza kuziunga pamoja ziwe moja ili kuokoa waya, maana hasi ni hasi. Nimruhusu? Na waya ninunue wa unene gani?

fundi_ghorofani

Usimruhusu! Mheshimu, mpe chai, lakini asiguse. Redio za kizamani za gari zilikuwa zinaunganishwa hivyo, huenda ndiko alikoanzia. Kwenye chipu hii tundu jeusi si hasi ya kawaida. Pande zote mbili, nyekundu na nyeusi, zinasukumwa na chipu, moja ikipanda nyingine inashuka. Ukiunga nyeusi mbili pamoja unazipiganisha pande za amplifaya zenyewe kwa zenyewe. Ikiwa na bahati itajizima. Kwa sababu hiyo hiyo, usiunge tundu jeusi la spika na chuma cha sanduku wala waya wa ardhi.

Waya wa mita tatu nne, ule wa jozi wa 1.5 mm² unatosha kabisa, duka lolote la vifaa vya stima wanakukatia kwa mita. Usiuziwe hadithi ya waya wa dhahabu. Lenye umuhimu ni mikono yako: chuna kama sentimita moja tu, sokota nyuzi za shaba zishikamane, na hakikisha hata uzi mmoja haujachomoza ukagusa tundu la pili. Mashine ndogo nyingi zinazonifikia zimeuawa na uzi mmoja mwembamba kama unywele. Nyekundu kwa nyekundu kwenye spika zote mbili. Ukigeuza moja, mwimbaji hatakaa katikati na besi itatoroka chumbani.

Halafu usichomeke adapta moja kwa moja ukutani. Tumia ile kinga ya TV inayosubiri kidogo baada ya stima kurudi. Huko Roysambu mnajua stima inavyorudi.

besi_ya_southb

Na kama spika ziko juu ya kabati, zishushe. Ziwe usawa wa masikio ukiwa umekaa, ziachane na ukuta kama shibiri mbili. Ile besi ya pipa unayoogopa mara nyingi ni pembe ya chumba, amplifaya inasingiziwa bure.

mwalimu_roysambu

Nimelipa. Pamoja na waya na kebo ya TV nimebaki na chenji ya nauli na mahindi choma. Iko sebuleni sasa, nobu haijafika hata nusu na chumba kimejaa. Gitaa la mdundo liko kushoto, la solo kulia, na kumbe kuna mtu alikuwa anapiga maraka miaka yote hii sikuwahi kumsikia. Madaftari yamehamia mezani.

kijana_wa_kasarani

Wadau samahani kuingilia, nami nina spika nne za omu 4 nilizotoa kwenye gari, nataka kuziunga zote kwa hiyo TPA3116, mbili mbili kila upande. Itabeba?

fundi_ghorofani

Ukiziunga sambamba inakuwa omu 2 kila upande, itachemka na kujizima. Ziunge kwa mfuatano, omu 8, ulale. Mengine fungua uzi wako, huu ni wa mwalimu.