Gripu za joto kwenye pikipiki ya cc 150: chaji itatosha?

Baridi_ya_Kitulo:
Habari wakuu. Njia yangu ni Njombe–Makete, natoka alfajiri. Kuanzia Juni vidole vinakufa ganzi hata breki sizihisi vizuri. Nataka kufunga gripu za joto (vishikio vya usukani vinavyopashwa kwa umeme) za volti 12. Pikipiki ni cc 150, betri Ah 5. Chaji itabeba? Na umeme niuchukue wapi?

Fundi_Waya:
Mkuu, pima kabla hujanunua. Seti nyingi zikiwa kwenye joto la juu hula ampea 3 hadi 4, yaani kama taa ya mbele ya pili. Chukua globu ya wati 35, iunge moja kwa moja kwenye betri, washa injini na taa, kisha weka multimita kwenye vichwa vya betri ukiwa kwenye mzunguko wa mwendo wa kawaida. Ikisoma volti 13.2 kwenda juu, uko salama. Ikishuka chini ya 12.8, betri inatoa kuliko inavyopokea na asubuhi stata haitazungusha.

Umeme usiuchukue kwenye waya wa taa. Tumia rilei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo) ya miguu minne, kila mguu una namba yake: 30 itoke betri chanya kupitia fyuzi ya ampea 5, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri, 87 iende kwenye gripu, 85 bodi (hasi), 86 iunge kwenye waya wa taa ya nyuma unaowaka kwa ufunguo. Ukiunga moja kwa moja bila rilei na ukasahau kuzima, betri ya Ah 5 inaisha ndani ya saa mbili.

Mlima_na_Tope:
Naongezea upande wa kufunga, maana hapo ndipo wengi huharibu. Gripu ya kulia ina tundu kubwa kwa sababu inakaa juu ya mrija wa plastiki unaozungushwa kuvuta mafuta. Ya kushoto inakaa kwenye chuma cha mm 22. Mrija ukiwa na matuta, yapunguze kwa tupa na msasa hadi gripu iingie kwa kusukuma. Usigonge kwa nyundo, waya wa ndani utakatika. Kabla ya gundi pima ukinzani wa waya kwa ohm: seti ya wati 36 husoma karibu 8 kila upande. Multimita isiposoma kitu, rudisha dukani.

Chuma hunyonya joto, hivyo kushoto hubaki baridi kuliko kulia. Vika chuma mpira mwembamba wa kusinyaa kwa joto, tabaka moja tu. Gundi iwe epoksi inayostahimili joto. Gundi ya viatu hulainika, na gripu ya mafuta ikianza kuteleza ukiwa kwenye kona ni hatari kubwa.

Waya wa kulia uuachie ulegevu wa kutosha. Vuta mafuta hadi mwisho, achia: lazima yarudi yenyewe, usukani ukiwa umekata kushoto na kulia. Injini ikipandisha mzunguko unapokata usukani, kuna kitu kinavuta kebo.

Baridi_ya_Kitulo:
Asanteni sana. Nimepima na globu: 12.9. Nikiweka taa ya LED nitaokoa?

Fundi_Waya:
Inategemea. Zima injini, fungua ufunguo, washa taa. Ikiwaka, inakula betri, na LED ya wati 12 itakurudishia zaidi ya wati 20. Kama inawaka injini ikizunguka tu, inalishwa moja kwa moja na koili ya kuzalisha umeme kwenye injini; LED haitaongeza chochote kwenye betri, na nyingine huungua kwa umeme huo.

Baridi_ya_Kitulo:
Inawaka hata injini ikiwa imezimwa.

Mlima_na_Tope:
Basi weka LED, kisha funga na vile vifuniko vya mikono vya bodaboda. Upepo ndio unaopora joto. Ukiuzuia, kiwango cha kati kinatosha na unashusha matumizi. Ukisimama injini ikizunguka taratibu bila kuvuta mafuta (sailensa), zima gripu, maana hapo chaji ni ndogo.