Wauza spika wa Mwanza, acheni kuwaambia wateja "TV yako ndiyo mbovu"

Wakuu, imetosha sasa. Mtu anatoa hela yake ananunua spika mbili za kuweka kando ya TV, zile zenye amplifaya ndani ya spika moja na nyingine inapokea kwa waya tu. Anafika nyumbani, anachomeka waya wa mwanga (optical, unaobeba sauti kutoka kwenye TV kwa mwanga): taarifa ya habari inasikika vizuri, akihamia chaneli ya mpira, kimya. Au zinakwaruza tu. Akirudi dukani anajibiwa TV mbovu, ongeza hela uchukue sabufa.

TV ni nzima! Chaneli ile inarusha sauti iliyobanwa kwa mfumo wa Dolby, king'amuzi kinaipitisha ilivyo kwenye HDMI, na TV nayo inaisukuma hivyohivyo. Nyingi ya spika hizi zinaelewa PCM (sauti ya dijitali isiyobanwa) ya pande mbili, kushoto na kulia, basi. Ingia mipangilio ya sauti ya TV, kwenye sauti ya dijitali inayotoka, toa Auto weka PCM. Ikigoma, fanya hivyo kwenye king'amuzi. Muuzaji anashindwa nini kulisema hilo kabla ya kupokea hela?

Halafu muungurumo. Hapa mafundi nao wanahusika. Nyumba za milimani, Igogo na Mabatini huko, fundi akigonga mwamba anaikata ethi rodi (chuma cha kupeleka umeme unaovuja ardhini) palepale na kufukia kipande. Matokeo yake, umeme kidogo unaovuja kwenye TV na king'amuzi haupati pa kwenda. Ukigusa chuma cha king'amuzi kwa mgongo wa kidole unasikia kinatekenya. Umeme huo unapita kwenye ganda la waya wa RCA (ule wa sauti wa plagi nyekundu na nyeupe) na waya wa dishi, na spika zinauimba: mmmmm, hata sauti ikiwa sifuri.

Pima hivi. Chomoa RCA kwenye spika. Muungurumo ukikata, spika hazina kosa. Rudisha RCA, kisha fungua waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. Muungurumo ukikata hapo, umeshampata mchawi. Weka vyote kwenye ekstensheni moja, na tumia waya wa mwanga badala ya RCA, maana mwanga haupitishi umeme. Fundi anayekata pini ya tatu ya plagi, ile ya ethi, ili kelele iishe anahatarisha maisha ya watu, mfukuzeni. Mwamba ukizuia rodi, waya wa shaba unalazwa kwenye mtaro penye udongo.

Bluetooth iwe ya muziki tu. Kwenye TV sauti inachelewa, mdomo unafunga neno ndiyo linafika.

Zenye tundu la besi nyuma msizibane ukutani, acheni angalau sentimita 20. Pakiwa padogo, shindilia soksi kwenye tundu, besi inatulia, na wale wadudu wa ziwani hawaingii.

Na huo uongo wa "wati 2000 PMPO", namba ya matangazo tu isiyo nguvu halisi ya spika! Geuza spika usome kibandiko: ikiwa inakula wati 60 ukutani, hizo 2000 inazitoa wapi? Hapohapo angalia volti. Iliyoandikwa 120V pekee ni ya soko la Marekani, kwenye 230V yetu inaungua.

Dukani kwenu TV ipo na king'amuzi kipo. Viunganisheni na spika, mteja asikie chaneli ya habari na ya mpira kabla hajalipa.