Nimepokonywa kikombe cha kahawa MDOMONI, kisa Formula 1

Ndugu zanguni, natoka barazani sasa hivi, hata viatu sijavua, mkono watetemeka. Jina silitaji, mwamjua nyote. Yule wa kikoi cha buluu, mjuzi wa kila kitu, kuanzia mwezi kuandama hadi meli gani yaingia Kilindini kesho.

Tulikuwa Mji wa Kale baada ya Isha. Mimi nikasema jambo la maana kabisa: injini za Formula 1, zile mbio za magari, zimebanwa kuliko tuktuk yangu mwisho wa mwezi. V6, yaani silinda sita, ya lita 1.6, tabo ya kuisukumia hewa, na mota ya umeme juu yake. Tangu 2014 hadi 2025 mafuta hayakuruhusiwa kupita kilo 100 kwa saa, na mbio nzima walipewa kilo 100. Kujaza katikati ya mbio ndiyo kabisa, kulipigwa marufuku tangu 2010. Dereva hata kona hajaifikia ashainua mguu, ati abakishe mafuta. Hizo ni mbio ama ni kutafuta petroli Mariakani usiku na taa imewaka?

Nikanyanyua kikombe. Wallahi kimefika mdomoni, mvuke nausikia puani. Jamaa akanyosha mkono AKAKITWAA! "Mtiririko umezidi," asema. "Umefutwa kama yule dereva Ricciardo." Akakinywa yeye.

Baraza zima chini. Muuza kahawa alicheka mpaka dele likalala upande, makaa yakatapakaa. Kuna babu pale sijamwona meno tangu daraja la Nyali likiwa la kuelea. Leo nimeyahesabu, manne.

Ricciardo angalau alimaliza wa pili Melbourne 2014, akapanda jukwaani, ndipo wakamfuta kwa mafuta kutiririka kupita kipimo. Mimi hata funda moja sikupiga! Na kahawa nimelipa mimi. Kikombe kilikuwa mdomoni, jamani. Mdomoni!

PwezaMkavu: Kilikuwa cha ngapi?

Mleta uzi: Cha tano. Yahusu nini?

PwezaMkavu: Basi kakuokoa na presha. Mshukuru.

MamaMbaazi: "Jina silitaji" halafu kikoi cha buluu 😂 Huyo shemeji yangu. Jana kala mahamri yangu sita, nikidai pesa aniambia alikuwa akiyafanyia majaribio.

FundiSpana: Mleta uzi, kilo 100 za mbio nzima ni habari ya 2014. Mwaka 2019 waliongeza zikawa 110, iliyobaki 100 hadi 2025 ni ile ya kwa saa. Kwa hivyo ulidanganya watu barazani na kikombe kilichukuliwa kihalali.

Mleta uzi: Yaani kilo kumi ndizo za kunitoa kikombe MDOMONI?

WaV10: Nyote mwajadili majokofu. V10, silinda kumi, ya lita 3, hadi 2005, ikilia Nyali maiti wa Likoni auliza nani huyo. Hizi za sasa zapita na bado wamsikia muadhini.

FundiSpana: Hilo jokofu, Mercedes walisema 2017 limevuka asilimia 50 kwenye mashine ya kupimia. Yaani zaidi ya nusu ya nguvu ya mafuta yageuka mwendo. Tuktuk ya mleta uzi kufika nusu ya hapo ni kwa dua.

PwezaMkavu: Na moshi ule si wa mwendo, ni wa kufukuza mbu.

AbiriaWaMakupa: Mwalia kilo 100? Mimi jana foleni ya Makupa nimeunguza mafuta ya elfu moja, gari haijavuka hata kibanda cha viazi karai.

DerevaBara: Afadhali wewe yako yawaka. Kuna kituo kimoja, sikitaji, petroli yake yanuka mafuta ya taa. Tuktuk yangu yakohoa tangu Jumatatu.

FundiSpana: Yakohoa ukiiwasha ama ukiwa mlimani?

DerevaBara: Mlimani. Nikiwa na abiria watatu yazima kabisa.

FundiSpana: Kabureta hiyo. Ilete nikuoshee.

Mleta uzi: Jamani, na kikombe changu?

DerevaBara: Kesho saa ngapi, fundi?