Nukta mkato kwenye JavaScript: ni lazima au mapambo tu?

Mwanagenzi:
Wakuu, naomba msaada. Nimeanza JavaScript juzijuzi. Video moja inaweka nukta mkato (;) kila mstari, nyingine haiweki hata moja, na kote msimbo unakubali. Sasa funksheni yangu inanirudishia undefined (yaani hakuna thamani), na konsoli haionyeshi kosa lolote:

```
function jumla(a, b) {
  return
    a + b
}
```

Nimeongeza nukta mkato baada ya b, wapi! Shida iko wapi?

Kipanga:
Shida ni return. Ukiiacha peke yake ukashuka mstari, JavaScript inajipachikia nukta mkato hapohapo. Kauli imekwisha, a + b haifikiwi kamwe. Ipandishe: `return a + b;`. Hesabu ikiwa ndefu, fungua mabano kwenye mstari uleule wa return ndipo ushuke.

FundiMabano:
Wanaosema ni hiari hawadanganyi, ila hawamalizii habari. Kushuka mstari hakumalizi kauli kila mara. Mstari wa chini ukiweza kuungana na wa juu, vinasomwa pamoja. Jaribu hii:

```
let jina = "Asha"
[1, 2].forEach(n => console.log(n))
```

Itasomwa `"Asha"[1, 2]`. Kati ya namba hizo inabaki ya mwisho, 2, na kwa kuwa kuhesabu kunaanzia 0 unapata herufi "h". Kisha utaambiwa forEach si funksheni, ukodoe macho mstari wa pili wakati kasoro iko wa kwanza. Mstari ukianza na `(` au `[`, ukague wa juu yake.

Mwanagenzi:
Kipanga, imekubali! Kwa hiyo niziweke kila mahali?

Kipanga:
Hapana. Mwisho wa let, return na unapoita funksheni, weka. Baada ya `}` ya if au for, achana nayo. Na hii ni mbaya kuliko zote:

```
if (umri >= 18); {
  console.log("Ingia");
}
```

If imekatwa palepale kwenye mabano. "Ingia" itachapwa hata kwa mtoto wa miaka 3.

Zumari:
Mimi siandiki hata moja, Prettier (programu ya kupanga msimbo) inaniwekea nikihifadhi faili. Ila haitakurekebishia ile return, itakuandikia tu `return;` peke yake. Ukiona hivyo, umeshajua pa kushika.