Mdogo wangu kakamatwa Kentucky, kwenye orodha ya mahabusu haonekani. Nimtafute vipi?

Binti_Msamvu
Habari zenu wakuu. Nina shida, naomba tusitaniane. Mdogo wangu wa kiume yuko Marekani, jimbo la Kentucky, kaunti moja ndogo ya mashambani upande wa magharibi. Ijumaa usiku rafiki anayekaa naye alinipigia kwamba kakamatwa na polisi barabarani. Tangu hapo simu yake haipatikani. Nasikia kule majina ya waliokamatwa yanawekwa wazi, mtu yeyote anasoma. Nimekesha siku tatu na simu mkononi. Naandika jina lake, naandika la baba, nageuza, hakuna kitu. Tovuti nyingine zinaniletea picha za watu nisiowajua halafu zinataka nilipie kwa kadi. Anayejua njia anisaidie jamani, mama hajui lolote na nimechoka kumdanganya.

Mtu_wa_Kaliua
Pole sana dada. Mimi nilipata nafasi ya kwenda huko 2009, nikakataa. Watu waliniona mjinga. Leo nina ng'ombe wangu na nalala usingizi. Vijana wetu wakisikia dola hawasikii kingine.

Nyundo_Butu
Mimi nilimtafuta kaka yangu siku nne hapahapa nchini. Kituo cha kwanza hayupo, cha pili hayupo. Cha tatu askari kafungua daftari, kasoma mpaka chini, kasema hayupo. Nikaomba niangalie mwenyewe. Kumbe Hamisi kaandikwa Hamza! Alikuwa ndani anasikia sauti yangu. Kwa hiyo jaribu majina yaliyokosewa.

Mkalimani_wa_Mtoni
Dada, niko Louisville, natafsiri Kiswahili mahakamani na hospitalini, zaidi kwa ndugu zetu wa Kongo. Hizo tovuti za picha achana nazo. Ni za watu binafsi, wanachukua picha za jela na kuzifanyia biashara.

Kentucky ina kaunti 120. Kwenye majimbo mengi jela ya kaunti iko chini ya sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, lakini hapa mkuu wa jela anapigiwa kura kivyake, kwa hiyo orodha itafute kwa jina la jela. Jela ya kaunti ni kama rumande yetu, wengi waliomo bado hawajahukumiwa. Kaunti nyingine ndogo hazina jela kabisa, watu wao wanalala jela ya kaunti jirani kwa malipo, na hapo ndipo ndugu wengi wanapopotea. Angalia kaunti zote zinazopakana na ile. Andika jina la mwisho peke yake, tena herufi tatu nne za mwanzo tu, maana majina yetu wanayakosea sana.

Kuna pia mfumo wa bure unaitwa VINE. Ulianzia hapahapa Louisville 1994. Desemba 1993 binti anaitwa Mary Byron aliuawa siku aliyotimiza miaka 21, na mwanamume aliyekuwa mpenzi wake. Mtu huyo alikuwa jela kwa kumbaka, akatoka kwa dhamana, na hakuna aliyemjulisha binti. Sasa ukijisajili unaarifiwa mahabusu akitoka. Lakini ujue orodha iliyo wazi kwa dada anayemtafuta ndugu iko wazi pia kwa mwenye nia mbaya. Ndiyo maana huwa nauliza: huyu ni nani wako, na kosa lake ni lipi?

Binti_Msamvu
Ni mdogo wangu, tumbo moja. Kosa silijui vizuri, rafiki yake kasema ni mambo ya leseni. Nimejaribu hizo herufi na kaunti nne za jirani. Hakuna. Na huo mfumo hakuna.

Mama_Vitumbua
Mwanangu, mtu haulizwi bure. Umeonyeshwa milango yote na yote imekataa. Kuna jambo hujalisema. Sema tu, humu hakuna anayekujua.

Binti_Msamvu
Haya. Anatumia makaratasi ya binamu yetu. Viza yake iliisha. Binamu ana uraia wa kule, wanafanana kidogo, akampa atumie kupata kazi kwenye kiwanda cha kuku. Kwa hiyo kazini anaitwa jina la binamu. Sikulisema kwa sababu nilijua mtaanza kuhukumu badala ya kusaidia.

Mwinjilisti_Mstaafu
Binti, hapo kuna watu wawili matatani. Kesi hiyo inaandikwa kwa jina la binamu yenu. Je, mmempa taarifa? Uongo una miguu mifupi, na sasa unamkanyaga mtu ambaye yuko nyumbani kwake hana habari.

Binti_Msamvu
Binamu aliridhia mwenyewe, hakulazimishwa. Na mdogo wangu hajaiba cha mtu. Anakata kuku usiku kucha, mikono imevimba, na ndiye anayemnunulia mama dawa za sukari. Mimi sijakaa tu. Nimeuza kiwanja cha baba cha Kingolwira, mnunuzi kanipa malipo ya awali, nimeshatuma dola 1,200 kwa yule rafiki. Kuna dalali wa dhamana anataka asilimia kumi ya dola 12,000. Imebaki dola 900 ya wakili. Nilitaka tu nilione jina lake kabla sijazituma.

Mama_Vitumbua
Kiwanja cha baba umeuza na mama hajui?

Binti_Msamvu
Ningemwambiaje? Presha ingepanda.

Jicho_la_Tai
Wakuu, hii ni chai. Kentucky ilipiga marufuku biashara ya udalali wa dhamana mwaka 1976. Sasa dalali wa asilimia kumi katoka wapi? Mtunzi kajisahau. Kwanza ndugu, halafu binamu, halafu kiwanja, halafu dawa za mama. Kesho mtaona namba ya M-Pesa hapa. Mods fungeni uzi.

Nyundo_Butu
Aisee. Na mimi nilishaanza kulia.

Mtu_wa_Kaliua
Nilihisi mapema. Mwenye shida ya kweli haandiki vizuri hivi.

Mkalimani_wa_Mtoni
Kaka Jicho, kuhusu 1976 uko sahihi kabisa. Hapa dhamana inalipwa kwa karani wa mahakama na risiti inatoka. Anayefanya hiyo biashara anavunja sheria. Lakini kabla hujamwita dada mwongo, jiulize habari ya dalali kaipata kwa nani.

Binti_Msamvu
Nimesoma hapo juu mara tatu. Aliyenitajia dalali ni rafiki yake. Ndiye alimpokea siku ya kwanza, walilala godoro moja miezi minne. Mimi ananiita dada. Inawezekana hajui sheria, labda na yeye kadanganywa. Kaka Jicho, namba ya M-Pesa sitaleta. Niambieni tu kama mdogo wangu yupo au hayupo.

Mkalimani_wa_Mtoni
Piga simu jela leo saa kumi jioni, huku magharibi mwa Kentucky itakuwa saa mbili asubuhi. Mtaje kwa jina lililo kwenye makaratasi ya kazini. Uliza mambo manne: yupo, kosa gani, dhamana kiasi gani na inalipwa kwa nani, na kama ana zuio la uhamiaji, yaani watu wa uhamiaji wameomba asiachiwe mpaka wamchukue. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Mtu akiingizwa jela anachukuliwa alama za vidole, na alama hizo zinafika FBI na kwa watu wa uhamiaji. Alama haijali jina la binamu. Kukiwa na zuio, ukimlipia dhamana anaweza kutoka mlango wa jela na kuingia gari la ICE, ndio hao watu wa uhamiaji, na hela yako iko kwa karani.

Usimfundishe uongo mwingine. Akikupigia kutoka jela msiongelee makaratasi, simu zile zinarekodiwa. Kama hana hela ana haki ya kuomba wakili wa umma. Wakili huyo analazimika kumweleza kama kukiri kosa kutamfukuzisha nchini, kwa sababu ya hukumu ya Padilla dhidi ya Kentucky, Mahakama ya Juu ya Marekani, 2010. Asikiri lolote kabla ya hapo.

Na ubalozi wetu Washington. Kwa Mtanzania, mamlaka za Marekani zinatakiwa kuuarifu ubalozi hata kama mwenyewe hajaomba. Nchi nyingi jirani, Kenya mojawapo, ni mpaka mtu aombe. Lakini ninyi mmempa jina la raia wa Marekani, sasa nani angeuarifu?

Mama_Vitumbua
Na hiyo 900 usiitume, mwanangu. Kaa nayo.

Binti_Msamvu
Nimepiga. Jela ya kwanza hapana, ya pili hapana. Ya tatu, kaunti ya jirani, mama mmoja kalitamka jina la binamu vibaya mpaka nikamtajia herufi moja moja. Kasema yupo, tangu Ijumaa. Kuendesha bila leseni, na kutoa jina lisilo lake kwa askari. Dhamana ni dola 1,000 taslimu, kwa karani. Nikauliza kama kuna mtu amekuja kulipa. Kasema hakuna aliyekuja, wala hakuna aliyepiga simu kabla yangu.

Nikauliza zuio. Kanyamaza, nikasikia anaandika kwenye kompyuta. Kasema lipo. Halafu kaniuliza kwa upole tu, jina lake halisi ni nani? Nikakata simu. Mikono bado inatetemeka.

Jicho_la_Tai
Dada, naomba radhi. Nilikukosea.

Mkalimani_wa_Mtoni
Usipige tena jela, swali hilo si la kujibiwa na wewe. Ni lake yeye na wakili. Nitumie ujumbe faragha, nitakuelekeza ofisi ya mawakili wa umma ya kaunti hiyo. Akihamishwa na ICE wana ukurasa wao wa kutafuta mtu, unaandika jina na nchi aliyozaliwa. Jaribu majina yote mawili kila asubuhi. Na binamu mpigieni leo hii, asisubiri barua ya mahakama.

Binti_Msamvu
Binamu nampigia usiku akitoka kazini. Ila yule rafiki kanitumia ujumbe sasa hivi. Kaandika, "Dada vipi ile 900, wakili anasubiri."

Mkalimani_wa_Mtoni
Usimjibu. Piga picha jumbe zake zote, kuanzia ule wa Ijumaa, na risiti ya zile 1,200.