DV 2026: kesho majibu, nyie huwa mnafunguaje?

chalii_wa_kijenge
Wakuu kwema? Kesho Jumamosi tarehe 3 Mei 2025 ndio majibu ya DV yanawekwa, ile bahati nasibu ya grinikadi, kibali cha kwenda kuishi Marekani, tuliojaza mwaka jana Oktoba. Nasikia ni saa sita mchana ya kwao Washington, sasa huku Arusha inakuwa saa ngapi? Jamaa wa kazini kasema saa moja usiku, shemeji anakomaa ni saa mbili, na wote wanaongea kwa kujiamini.

Ila swali lililonileta hasa ni hili, nyie mnafungua mda ule ule au mnasubiri? Mi toka juzi sijatulia aisee, nimejaza bando, simu nimechaji, namba ya uthibitisho niliyopewa nilipojaza nimeiandika kwenye daftari na nimeipiga picha na bado nikipita mezani naikagua kama ipo. Wife anataka tufungue pamoja watoto wakishalala, eti tuombe kwanza. Mi naona bora nifungue peke yangu, maana nikikosa nataka nikose bila mtu kuniangalia usoni. Wazoefu njooni.

mzee_wa_sakina
Ni saa moja usiku. Shemeji yako hajakosea sana, wale wanarudisha saa zao nyuma Novemba mpaka Machi, kipindi hicho ndio saa sita yao inakuwa saa mbili yetu. Mwezi wa tano ni saa moja.

Ila kijana wangu ya nini kugombania saa moja kamili? Dunia nzima itakuwa pale inabonyeza, page inazunguka weee, ikifunguka unaambiwa uandike zile herufi zilizopinda kwenye picha, ukikosea moja unarudi mwanzo na presha imeshapanda. Majibu hayakimbii hayo, yatakuwepo mpaka 30 Septemba 2026. Na hiyo kompyuta yao imeshachagua zamani, kwaiyo mda unaofungua hauongezi wala haupunguzi kitu. Mi huwa nalala zangu vizuri, nafungua alfajiri chai iko jikoni, inafunguka chap.

binti_ngarenaro
Mzee shkamoo, ila kulala unalalaje ukijua jibu lako lipo tayari na liko umbali wa kubonyeza tu? Mi siwezi jamani. Mwaka jana nilifungua nikiwa kwenye daladala ya kwenda Usa River, imejaa, nimesimama, simu mkono mmoja. Nikasoma sijachaguliwa, nikaweka simu mfukoni, kondakta anadai nauli. Ilinisaidia sana aisee, maana ukiwa nyumbani unakaa chini unaanza kuwaza, pale kwenye gari nitawaza saa ngapi wakati nashuka kituo kinachofuata.

mamatwins_moshi
Mnabishana saa, mi nauliza, hiyo namba ya uthibitisho mnayo wenyewe mkononi? Huku Moshi watu wengi wanajaziwa steshenari, analipa, anapigwa picha, anaondoka na risiti ya kuandika kwa mkono. Namba inabaki kwenye kompyuta ya mwenye duka na email iliyotumika ni ya mwenye duka. Mei ikifika unamfuata anakwambia leta hela kwanza ndio nikuangalizie. Mdogo wangu wamemfanyia hivyo hivyo, duka silitaji, lakini kila mtu mtaani analijua. Na kujaza kwenyewe mwaka jana kulikuwa bure kabisa!

Kama namba imepotea, kwenye ile ile page ya kuangalia majibu pana sehemu ya waliosahau namba, wanataka majina yako kama ulivyoyajaza, tarehe ya kuzaliwa na ile email iliyotumika. Kwaiyo hata kama hamuelewani na huyo wa steshenari, angalau mbane akutajie email aliyoweka.

Na ukiona email imekuja inakupongeza eti umeshinda tuma dola kadhaa, futa. Wenyewe hawatumi email ya kumwambia mtu kachaguliwa, unajua kwa kwenda mwenyewe kuangalia kwenye dvprogram.state.gov basi. Angalieni na hiyo anuani vizuri, iishie na gov, kuna za kufanana nazo kibao.

mkeka_daily
Mi mnanishangaza. Si bora mbeti tu jackpot ya mechi 12? Angalau pale unaumia kidogo kidogo, mechi ya tatu imechanika unakunywa maji, ya tano imechanika unaenda kulala. Nyie mnangoja miezi zaidi ya sita halafu mnaambiwa hapana kwa sentensi moja.

binti_ngarenaro
@mkeka_daily sentensi moja isiyonidai hela naichukua kaka. We wiki hii umeacha shilingi ngapi huko?

mkeka_daily
Tuache hayo dada.

mwalimu_njiro
Nisaidie kidogo hapa maana naona watu wameshaanza kufunga mabegi. Kuchaguliwa sio viza. Viza zenyewe kwa mwaka hazizidi 55,000 dunia nzima na wanachagua watu zaidi ya laki moja makusudi, wakijua wengi watakwama njiani. Ukichaguliwa unapewa namba ya kesi yenye AF katikati, yani Afrika, na ukubwa wa hiyo namba ndio mpango mzima, ndogo inaitwa mapema. Unajaza fomu ya kuomba viza, DS-260, halafu unaanza kungoja upya, kila mwezi wanatoa tangazo la namba zimefika wapi. Usaili ni dola 330 kwa kila kichwa, mtoto mchanga naye anahesabiwa. Ikifika 30 Septemba 2026 hujapewa, imeisha hiyo.

Na nyie wa kuamka alfajiri kusherehekea, 2011 walitangaza, watu kama elfu 22 wakaona wamechaguliwa, baada ya siku chache wakaambiwa zoezi limefutwa. Kompyuta ilikuwa imechukua karibu wote kutoka kwa waliojaza siku mbili za mwanzo, na sheria inataka iwe bahati tupu. Wakarudia Julai. Hebu fikiria umeshawaambia wakwe.

chalii_wa_kijenge
Dah mwalimu hiyo ya wakwe imenikaa. Asanteni wote. Sasa kaswali kadogo, pale kwenye jina la ukoo niweke la baba au la babu? Cheti changu cha kuzaliwa na paspoti havifanani, hapa naanza kutoa jasho.

mwalimu_njiro
Weka lile lile ulilojaza Oktoba, kama ulivyoliandika. Mambo ya vyeti ni ya huko mbele. Na namba inakili ubandike kama unaweza, usiiandike kutoka kwenye daftari, mtu anasoma sifuri kumbe ni O anaanza kulia bure.

mamatwins_moshi
Saa mbili na nusu usiku, Jumamosi. Imefunguka baada ya kuzunguka sana. Mi sijachaguliwa, mdogo wangu nae email ameitajiwa mchana baada ya mama kwenda mwenyewe dukani na kanga kiunoni, nae hajachaguliwa. Mume wangu ndio bado, namba yake aliiandika nyuma ya bahasha ya kadi ya mchango wa harusi na hapa ameshamwaga droo zote chini, ananiuliza mi nimeitupa wapi.